Anti, nikifumba macho ndo mawazo yanazidi

Toleo lililopita nilidokeza kidogo kuhusu mafunzo ya maindifulnesi, ile meditesheni ya kukaa ukafuatilia pumzi yako na mwili wako bila kukimbizana na kila wazo linalopita, kwamba watu wanafundishwa ili kupunguza stresi. Basi simu yangu toka siku hiyo haina amani. Nimechagua barua chache, majina nimeyatoa yote, na zingine nimezikata maana kuna watu mnaandika jamani. Nyingi zimetoka hapa hapa Mwanza na visiwani, sijui Dar wao wametulia au vipi.

*

*Shikamoo Anti. Mi nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Nilichukua mkopo wa kausha damu kipindi cha mbalamwezi boti hazitoki, nikasema giza likirudi ntalipa, giza likarudi na mvua nayo ikarudi, mzigo wangu ukaozea kwenye vichanja. Sasa kila Ijumaa jamaa anakuja kukusanya rejesho. Saa 9 usiku naamka moyo unadunda mpaka nausikia masikioni. Binti yangu kaniwekea programu kwenye simu, inasema fumba macho sikiliza pumzi. Nikifumba macho ndo mawazo yanazidi, namuona yule jamaa na daftari lake. Hii kitu inafanya kazi kweli au ni ya watu wenye hela na viyoyozi?*
*– Mama Dagaa, Kirumba*

Marahaba mwanangu, na pole sana, mvua ya kwenye vichanja haina huruma.

Nianze na hilo la hela na viyoyozi maana limeulizwa na wengi. Mafunzo haya yalivyo leo yalianzia hospitali, mwaka 1979, chuo kikuu cha udaktari cha Massachusetts huko Marekani, na aliyeyaanzisha anaitwa Jon Kabat-Zinn. Wagonjwa aliowachukua siyo matajiri waliochoka kupumzika, ni watu wenye maumivu ya mgongo na ya kichwa ya miaka, ambao madaktari walishamaliza dawa zao na maumivu bado yapo. Kozi ilikuwa wiki 8, darasa mara moja kwa wiki kama saa 2 na nusu, na nyumbani ufanye mwenyewe dakika 45 karibu kila siku. Somo la kwanza wanapewa zabibu kavu, waiangalie, wainuse, waitafune taratibu kabisa kama vile hawajawahi kuiona. (Kirumba tungewapa dagaa, na harufu wasingehangaika kuitafuta.)

Dakika 45 wewe huna, najua. Ila tatizo lako mi naona siyo dakika, ni ulichoambiwa ufanye na yale mawazo yakishakuja. Au tuseme hukuambiwa.

Ngoja nieleze mwili unavyofanya. Ubongo ukihisi hatari unatuma taarifa kwenye tezi mbili zilizokaa juu ya figo, zinamwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, sukari inaingia kwenye damu, alafu inafuata homoni nyingine inaitwa kortisoli ya kuuweka mwili tayari kwa muda mrefu zaidi. Huo ni msaada ukikutana na mamba Sengerema. Shida ni kwamba mwili hautofautishi sana kati ya jamaa wa rejesho akiwa mlangoni na jamaa wa rejesho akiwa kichwani kwako siku ya Jumanne usiku, vyote unavishtukia. Na kortisoli kwa kawaida huanza kupanda yenyewe usiku wa manane kuelekea alfajiri, kwa kila mtu, kuusaidia mwili kuamka, kwa hiyo ukishtuka saa 9 na deni kichwani unakuta mwili nao tayari umeshaanza safari. Huumwi uchawi na wala siyo kichaa.

Sasa hapa ndo pana jambo ambalo programu ya binti yako pengine haijakwambia. Pittsburgh, Marekani, kuna watafiti walichukua watu 153 wenye stresi wakawafundisha kwa simu, wiki 2 tu. Kundi moja likafundishwa kuangalia tu, yaani kugundua pumzi, mwili, mawazo. Kundi lingine likafundishwa kuangalia pamoja na kukubali, yaani ukigundua kifua kimebana usigombane nacho. La tatu likapewa masomo ya kawaida ya kukabiliana na shida. Wakamaliza, wakawekwa mbele ya watu waliokunja sura watoe hotuba na wapige hesabu za kichwani, na ukitaka kumpa mtu stresi bana hesabu mbele za watu inatosha. Matokeo yalitoka 2018: wale wa kuangalia na kukubali kortisoli yao haikupanda sana kama ya wengine, na presha pia. Wale wa kuangalia tu hawakupata faida hiyo.

Yaani kumuangalia yule jamaa na daftari lake huku unamsukuma atoke kichwani ni kazi mbili, na zote za kuchosha. Jaribu hivi leo ukiamka. Usifumbe macho. Lala hivyo hivyo, jisemee tu kimoyomoyo moyo unadunda, haya udunde. Kifua kimebana, kibane. Alafu peleka akili kwenye nyayo, zinagusa nini, shuka, mkeka, mguu wa mtoto. Wazo la Ijumaa litarudi, na likirudi usijitukane, umelijua kwamba limerudi basi rudi kwenye nyayo. Linaweza kurudi mara hamsini, hiyo siyo kushindwa, kule kurudi ndo zoezi lenyewe. Mchana ukiwa unageuza dagaa fanya pia, hata kwa kichanja kimoja tu, hisi jua mgongoni, hisi mkono, geuza. Simu haihitajiki.

Na tuelewane, kukubali nnakosema siyo kukubali deni wala kumkubali yule jamaa! Unakubali kwamba saa hii moyo unadunda, basi. Deni ni jambo la asubuhi, na hilo pumzi haililipi hata uvute namna gani. Asubuhi omba karatasi ya mkataba uisome, muulize huyo mkopeshaji leseni yake ya Benki Kuu iko wapi maana sheria inamtaka awe nayo. Alafu nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ukaulize ile mikopo isiyo na riba ya halmashauri, inatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 ni ya wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Inataka kikundi, na wanawake wa Mwaloni kwa vikundi siwajui leo. Mtu akilala vizuri hata kwenda kusimama mbele ya meza ya afisa anaenda na kichwa chake, ndo faida naiona hapo.

Umeuliza inafanya kazi kweli. Mwaka 2014 chuo cha Johns Hopkins kilikusanya majaribio 47 yenye watu 3,515 jumla, wakaona mafunzo ya meditesheni yanapunguza wasiwasi, sonona na maumivu kwa kiasi, siyo kiasi kikubwa cha kutangazia redioni lakini kipo. Kwenye stresi yenyewe ushahidi ulikuwa dhaifu zaidi. Na hawakuona kama inashinda mazoezi ya mwili au dawa. Kwa hiyo atakayekuuzia kwa bei ya kufumua kibubu, mwambie Anti kakataa.

*

*Bwana Yesu asifiwe Anti. Mi ni mwanafunzi wa chuo, nakaa Malimbe. Kipindi cha mitihani rafiki yangu alinifundisha hii meditesheni nikaona nasoma vizuri na tumbo limeacha kukoroga. Nikamwambia kiongozi wetu wa maombi akasema nimefungua mlango, kwamba ukiacha kichwa kitupu pepo anaingia. Sasa nimeacha lakini tumbo limerudi. Nifanyeje?*
*– Binti wa Malimbe*

Amina mwanangu. Siwezi kugombana na kiongozi wako kuhusu pepo, hiyo ni idara yake. Ila kuna vitu viwili vya ukweli hujaambiwa.

Kwanza, ni kweli asili yake ni mafundisho ya Wabudha, na mtu akikuficha hilo anakudanganya. Kabat-Zinn mwenyewe alijifunza huko, kisha akatoa ibada na mafundisho ya dini akabakiza zoezi, ndo lilivyoingia hospitalini. Pili, kichwa hakiachwi kitupu. Unakijaza na kitu kimoja cha kawaida kabisa, pumzi au sauti au hatua zako, na kikitoroka unakirudisha. Kichwa kitupu sijawahi kukutana nacho, hata kwa watoto wangu wakati wa kutumwa dukani.

Alafu nikupe kitu cha kufurahisha. Mwaka 2001 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa watu wazima 23 waliosali rozari, Salamu Maria kwa Kilatini, na pia wakasema mantra ya yoga, yaani maneno yanayorudiwa rudiwa. Vyote viwili viliwashusha kwenye pumzi kama 6 kwa dakika, wakati mtu aliyekaa tu anavuta kama 12 na kuendelea, na mapigo ya moyo na presha vikaanza kwenda kwa mpangilio mmoja mzuri. Bibi zetu wa jumuiya walikuwa wanafanya hivi miaka yote kila jioni bila kulipia programu! Na Waislamu wakae nami hapa, anayefanya dhikri taratibu kwa sauti moja naye yupo njia hiyo hiyo ya pumzi ndefu.

Kwa hiyo kama dhamiri inakusuta, acha jina, chukua mstari mmoja wa Zaburi unaoupenda, useme taratibu pumzi ikitoka, dakika 10 kabla ya kufungua daftari. Tumbo halitauliza umetumia dhehebu gani. Na likiendelea kukoroga hata mitihani ikiisha nenda ukapime vidonda vya tumbo, siyo kila tumbo ni stresi.

*

*Mwangaluka mwanangu. Ni mwalimu mstaafu, nipo Magu. Nina presha, nameza vidonge kila siku na kusema kweli vimenichosha. Mjukuu amenisomea safu yako kuwa kupumua kunashusha presha. Je naweza kuacha vidonge nikabaki na kupumua?*

Mwangaluka baba, shikamoo Mwalimu. Hapana.

Naomba radhi kwa jibu fupi hivyo ila nataka hata mjukuu akiacha kusoma hapa uwe umeshasikia. Chama cha moyo cha Marekani kilipitia tafiti hizi 2017 kikasema meditesheni inaweza kuongezwa juu ya matibabu ya kawaida, neno ni kuongezwa, na tena kikasema ushahidi bado haujakomaa. Presha ya juu mara nyingi haiumi, ndo maana mtu anaacha dawa anajisikia safi kabisa mpaka siku ya kiharusi. Endelea na vidonge, na kama vinakuletea kizunguzungu au kikohozi kikavu au unakojoa usiku kucha, mwambie daktari akubadilishie, zipo aina nyingi, siyo lazima uteseke na hiyo hiyo. Kupumua fanya, kaa chini ya mwembe, vuta taratibu, toa taratibu zaidi ya ulivyovuta. Na yule mama anayekupikia mwambie dagaa wa chumvi awaoshe vizuri kwanza.

*

*Anti shkamoo, mi bodaboda kituo cha Igoma. Nikijaribu hiyo meditesheni nasinzia. Je nimefuzu au nimefeli*

Umechoka mwanangu. Mtu aliyeamka saa 10 alfajiri akifumba macho kivulini analala, huo mwili unadai chake, mpe usingizi kwanza. Zoezi fanya ukiwa umesimama unasubiri abiria, macho wazi. Ukiwa barabarani USIFANYE, barabarani angalia barabara.

*

*Anti shikamoo. Mimi ni mvuvi, siwezi kusema kambi gani. Mwaka jana tulipigwa na dhoruba usiku mtumbwi ukapinduka, tulikuwa wanne tukaokoka wawili, nilishikilia dumu mpaka asubuhi. Tangu siku hiyo silali. Kuna watu walikuja kisiwani kutufundisha utulivu, wakasema tufumbe macho tusikilize pumzi. Nilipofumba nikaona maji, nikasikia sauti ya mwenzangu, nikatoka mbio watu wakanicheka. Nimeanza kunywa gongo ndo nilale. Je mimi nimeharibika?*

Marahaba baba. Hujaharibika. Na waliokucheka hawajawahi kushika dumu mpaka asubuhi.

Hili naomba lisomwe na kila anayefundisha vitu hivi maana linasemwa kidogo sana. Meditesheni kwa watu wengi haina shida, lakini kwa mtu aliyepita kwenye jambo la kutisha, ukimwambia afumbe macho akae kimya na pumzi yake unaweza ukawa unamrudisha kule kule, na kwako wewe pumzi yenyewe ndo kitu ulichokuwa unapigania usiku ule. Zipo tafiti za watu waliopata hofu kubwa na picha za matukio wakiwa kwenye mazoezi haya. Mwalimu mzuri anauliza kabla, na anakuruhusu kufungua macho au kutoka nje bila maelezo.

Kwa hiyo pumzi iache kwanza. Macho wazi, keti pakavu, kandamiza nyayo chini, tazama vitu vilivyopo hapo na uvitaje, mti, ndoo, kuku, injini ya fulani. Shika kitu kigumu mkononi, jiwe hata. Usiku ukirudi kichwani unajisemea niko nchi kavu, naona kuku. Inaonekana ya kitoto lakini ndo njia inayofundishwa na Shirika la Afya Duniani kwenye kozi yao ya Self-Help Plus. Kozi hiyo ilijaribiwa hapa jirani, kambi ya wakimbizi ya Rhino kaskazini mwa Uganda, wanawake 694 waliokimbia vita Sudan Kusini. Vikao 5, wanasikiliza sauti iliyorekodiwa kwenye vikundi, wanapewa kitabu cha picha, na wanaoongoza ni watu wa kawaida waliopewa mafunzo, siyo madaktari. Matokeo yakachapishwa 2020: miezi 3 baadae mateso ya moyoni ya waliopitia kozi yalikuwa yamepungua kuliko ya ambao hawakupitia. Siyo kwamba walisahau waliyoyaona, na wewe mwenzako hutamsahau.

Sasa sikiliza. Kutolala mwaka mzima, kuona picha ukiwa macho, na gongo juu yake, hiyo imeshavuka zoezi la nyayo. Inatibika, na wanaotibu wapo. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu na kambi, waambie ulivyoniambia mimi, maneno hayo hayo, waombe rufaa ya kitengo cha afya ya akili, hospitali ya Bugando kipo. Huendi kwa sababu ni chizi, unaenda kama ambavyo ungeenda na mguu uliovunjika siku ile. Kuhusu gongo, inakulaza saa chache alafu inakuamsha saa mbaya zaidi na hofu ikiwa juu, ila usiikatishe ghafla kama unakunywa nyingi kila siku maana hiyo nayo ina hatari, mwambie mganga wa kituo akusimamie.

Kama kuna siku unawaza kujimaliza usisubiri rufaa, mwambie mtu hapo hapo, yule mwenzako mliyeokoka naye kwa mfano. Nadhani na yeye halali. Na ukirudi ziwani, kama utarudi, tajiri wa mtumbwi anunue majaketi ya kuokolea kwanza ndo mpakie nyavu.

*

*Habari Anti, mi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi hapa Ilemela. Kuna watu wanataka kutuletea semina ya maindifulnesi kwa watoto wote wa darasa la sita na la saba, wanasema itaondoa stresi ya mitihani. Niipokee?*

Nzuri Mwalimu. Uingereza walilijaribu hilo kwa ukubwa, zaidi ya watoto 8,000 wa miaka kama 11 hadi 13, kwenye shule zaidi ya 80, baadhi yao wakafundishwa na walimu wao darasani. Majibu yakatoka 2022, watoto waliofundishwa hawakupata nafuu kuliko wale walioendelea na masomo ya kawaida ya maisha na hisia. Wengi nyumbani hawakufanya mazoezi kabisa, na ukikumbuka ulivyokuwa na miaka 12 utaelewa. Waliopata nafuu kidogo ni walimu, uchovu wao wa kazi ulishuka japo haukudumu sana. Kwa hiyo kama hao wageni wanatoza watoto hela, washukuru uwasindikize hadi getini. Kama ni ya bure wape walimu wako kwanza, kwa hiari, na siyo wiki ya kusahihisha mitihani.